Transforma ya kVA 100: breka ya praimari peke yake inaweza kulinda kebo ya sekondari? Tufanye mahesabu

Mshika_Tesita
Wakuu habari za wakati huu. Kuna kazi ya transforma inaninyima amani, naomba wenye uzoefu mpite hapa kabla haijakabidhiwa. Ni transforma kavu ya kVA 100, fezi tatu, praimari (upande wa kuingiza umeme) delta 690 V, sekondari (upande wa kutoa) nyota 400/230 V yenye nyutro. Kwenye kibati imeandikwa Dyn11 (ndo hiyo delta kwa nyota yenye nyutro), impidansi, yaani ukinzani wa ndani wa transforma, asilimia 4. Upande wa praimari kuna breka ya ampea 100, basi, ulinzi umeishia hapo. Sekondari imetoka kebo ya shaba ya XLPE (insuleshi ya plastiki inayovumilia joto) 4x35 mm², imelala kwenye trei pamoja na kebo nyingine mbili zenye mzigo, inatembea kama mita 25 hadi kwenye bodi, na kwenye bodi hakuna breka kuu, ni breka za matawi tu. Kebo ya kuleta umeme praimari ni 25 mm² na ni mojawapo ya hizo mbili za kwenye trei. Chumba kina joto, digrii 40 inafika.

Waliofunga wanasema breka ya 100 kule mwanzo inalinda kila kitu kwa sababu umeme wote unapita pale. Jambo la pili, wakati wa kuwasha breka hiyo mara inatripu papo hapo hata bila mzigo wowote, mara inashika vizuri kabisa kama hakuna kilichotokea. Sasa wanataka kuitoa waweke ya 160 ili isisumbue. Mimi naona hapa kuna mambo mawili yamechanganywa ila sina mahesabu ya kuwaonyesha. Nawasilisha.

Bw_Ampea
Nasubiri wajuzi, ila hiyo ya kuweka 160 kwenye waya wa 25 mm² isifanyike hata kwa majaribio mkuu.

Koili_na_Chuma
Mshika_Tesita umeuliza vizuri na umeweka data zote, wengi wanakuja hapa na "transforma inatripu nifanyeje" bila hata kVA. Twende taratibu.

Kwanza ampea za mzigo kamili. Fezi tatu unachukua VA unagawa kwa 1.732 mara volti. Praimari 100,000 ÷ (1.732 × 690) = ampea 83.7. Sekondari 100,000 ÷ (1.732 × 400) = ampea 144.3. Hizi mbili ziandike ukutani maana kila kitu kinaanzia hapo.

Sasa hoja ya "umeme wote unapita pale". Sio kweli, na hapa ndo watu wengi wanateleza. Umeme unaopita kwenye breka ya praimari sio ule unaopita kwenye kebo ya sekondari, kati yao kuna chuma na usumaku tu, hakuna waya unaounganisha. Breka inaona kivuli cha kinachotokea upande wa pili, na kivuli hicho kinabadilika ukubwa kulingana na aina ya mzigo au shoti. Mzigo ukiwa sawa fezi zote tatu uwiano ni 690 kwa 400, yaani 1.725. Kwa hiyo breka ikiruhusu ampea 100, sekondari inapita 172.5. Hapo tayari umezidi uwezo wa transforma, lakini tuseme ni kidogo.

Shida kubwa iko kwenye mzigo wa fezi moja na nyutro. Chukua mzigo wote umekaa fezi moja ya sekondari, 230 V. Waindingi (koili) moja tu ya nyota inafanya kazi, na pacha wake upande wa delta amefungwa kwenye 690 V. Uwiano wa hizo waindingi mbili ni 690 kwa 230, yaani 3. Kwa hiyo breka ikiona ampea 100 kwenye fezi zake mbili, ile fezi moja ya sekondari inabeba ampea 300. Mia tatu! Wakati waindingi yenyewe ni ya 144. Na breka haitasema kitu, kwa sababu 100 ndo kipimo chake, iko raha mustarehe. Wakiweka ya 160 ndo inakuwa ampea 480 kwenye fezi moja bila breka kutripu.

Mshika_Tesita
Duh. Hiyo ya uwiano wa 3 sikuwahi kuifikiria, nilikuwa napiga 1.725 kila mahali. Sasa 35 mm² yenyewe inabeba ngapi kwa mazingira haya?

Koili_na_Chuma
Jedwali la IEC 60364-5-52 (IEC ni viwango vya kimataifa vya umeme), kebo ya shaba XLPE ya fezi tatu kwenye trei yenye matundu, hewa digrii 30: 25 mm² ni ampea 127, 35 ni 158, 50 ni 192, 70 ni 246, 95 ni 298. Hizo ni namba za kebo iliyo peke yake hewani. Chumba chako ni digrii 40, XLPE unazidisha kwa 0.91. Kebo tatu zimegusana kwenye trei tabaka moja, unazidisha tena kwa 0.82. Kwa hiyo 35 mm² inabaki 158 × 0.91 × 0.82 = ampea 118. Sasa weka 118 pembeni ya 144 ya mzigo kamili wa transforma. Haitoshi hata kwa kazi ya kawaida, achilia mbali hiyo 300 ya fezi moja.

Aliyechagua 35 nadhani aliangalia 158 ya kwenye jedwali akaona imezidi 144 akafunga kitabu. Hiyo tabia ya kusoma namba ya kwanza na kuacha vipunguzi vya joto na mrundikano naiona sana na inaunguza kebo polepole, insuleshi inakauka miaka inapita mpaka siku moja.

SotiMkuu
Hapo kwenye shoti sasa mbona hujagusa? Overlodi ni ya taratibu, shoti ndo inayoua.

Koili_na_Chuma
Nilikuwa naelekea huko SotiMkuu, tena hapa ndo patamu.

Shoti kubwa kabisa kwenye vituo (terminali) vya sekondari unaipata kwa kugawa ampea za mzigo kamili kwa impidansi: 144.3 ÷ 0.04 = ampea 3,608, tuseme kA 3.6. Hiyo ni ukichukulia chanzo cha umeme kina nguvu isiyoisha, uhalisia unapungua kidogo. Ikiwa ni shoti ya fezi zote tatu, praimari inaona 83.7 ÷ 0.04, kama ampea 2,090. Shoti ya fezi kwa fezi nayo, kwa jinsi delta inavyogawa, waya mmoja wa praimari unaona karibu hiyohiyo 2,080. Sawa, breka inaona, inakata mara moja.

Lakini shoti inayotokea mara nyingi zaidi ni fezi kwenda nyutro au ethi. Hiyo kwenye Dyn inakuwa karibu na kA 3.6 ileile sekondari, ila praimari unagawa kwa 3, unapata ampea 1,203 tu. Sasa breka ya aina hii ina sehemu mbili, ile ya joto inayosubiri na ile ya sumaku inayokata papo hapo. Sumaku mara nyingi imewekwa mara 10 ya breka. Breka ya 100 inakata kwenye 1,000, hapo imeponea kwa chupuchupu. Breka ya 125 sumaku yake iko 1,250. Ya 160 iko juu zaidi. Ukijumlisha kwamba sumaku ina uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini, shoti ya ampea 1,203 inaweza kabisa isiamshe sumaku. Inabaki sehemu ya joto, ambayo kwa mkondo wa mara 10 hivi inaweza kuchukua sekunde kadhaa.

Sekunde kadhaa ni nyingi mno. Kebo ya 35 mm² XLPE ya shaba: unachukua 143 (namba maalumu ya shaba yenye XLPE) mara 35 unazidisha kwa yenyewe, unagawa kwa mkondo wa shoti uliozidishwa kwa wenyewe. Inatoka sekunde 1.9, hapo shaba imefika digrii 250 na insuleshi imekwisha. Na transforma yenyewe kwa IEC 60076-5 inatakiwa ivumilie shoti kwa sekunde 2. Ona, kebo na transforma zote zinakufa karibu na sekunde ya pili wakati breka bado inapasha joto bimetali yake.

Na hiyo ni shoti ya mlangoni kwa transforma. Ikitokea mwisho wa mita 25 mkondo unashuka kuelekea kA 3 kwa sababu ya ukinzani wa kebo, praimari inaona kama 1,000. Inazidi kujificha.

Dada_Volti
Nikazie hapo kwa Koili. Kanuni za NEC za Marekani zimeliona jambo hili hilo na zimeliandika waziwazi: breka ya praimari hairuhusiwi kuhesabiwa kama ulinzi wa waya za sekondari, isipokuwa kwa transforma ya fezi moja yenye waya mbili sekondari, au delta kwa delta yenye waya tatu. Sababu ni hiyohiyo ya uwiano. Kwenye hizo mbili kivuli hakibadiliki umbo, mzigo wowote sekondari unaonekana praimari kwa uwiano uleule. Ukishaweka nyota yenye nyutro, msamaha umeisha.

Watu wanachanganya sheria mbili tofauti. Kuna ulinzi wa transforma na kuna ulinzi wa waya. Jedwali la NEC 450.3(B), kwa transforma za volti 1,000 kushuka, linaruhusu ulinde transforma kwa praimari peke yake ukiweka asilimia 125 ya mzigo kamili, na kama haiangukii kwenye saizi ya kawaida unapanda inayofuata. Ukiweka ulinzi pande zote mbili, praimari inaruhusiwa kufika asilimia 250 na sekondari 125. Kwa transforma yako praimari peke yake 83.7 × 1.25 = 104.6, unapanda 110 ya saizi zao. Kwa hiyo mtu anasoma hapo anasema "nimeruhusiwa praimari tu", kweli transforma imelindwa kwa mujibu wa jedwali, ila waya za sekondari bado ziko uchi. Hilo jedwali halizungumzii waya kabisa.

Bw_Ampea
Dada_Volti hiyo ya 250 naionaga watu wanaishangilia sana, je nayo unapandisha saizi inayofuata?

Dada_Volti
Hapana. Hiyo 250 ni ukomo, unashuka. 83.7 × 2.5 = 209, unaweka 200. Ile ya kupanda juu ipo kwenye 125 tu. Sekondari 144.3 × 1.25 = 180, unapanda 200. Halafu angalia mtego mwingine: waya za sekondari haziruhusiwi kutumia ule msamaha wa "breka inayofuata juu", kwa hiyo ukiweka breka ya 200 sekondari waya lazima ubebe 200 kamili, kwao inakuwa shaba ya 3/0 ambayo ni kama 85 mm². Na umbali wa waya kabla ya kufika breka umebanwa, kuna kanuni ya mita 3 na ya mita 7.5 na kila moja ina masharti yake. Mita 25 bila breka haipiti popote ndani ya jengo.

Koili_na_Chuma
Upande wa IEC nao una mita 3. Kifaa cha kukata shoti kinaweza kukaa mbele kidogo, hadi mita 3 kutoka pale waya unapoanzia, mradi hakuna tawi njiani, waya umewekwa kwa namna ya kupunguza uwezekano wa shoti, na hauko karibu na vitu vya kuungua. Mimi napenda breka ikae palepale kwenye boksi la transforma, sipendi hata hizo mita 3 kama nafasi ipo.

Mshika_Tesita
Nimeelewa, kwa hiyo breka ya sekondari ni lazima. Sasa hiyo ya kutripu wakati wa kuwasha? Maana nikiwaambia waache ya 100 watasema itaendelea kusumbua.

Mega_Ohm
Naomba nijibu hii maana nimeshughulika nayo sana. Usiihukumu breka kabla hujapima. Kitu cha kwanza ni mega (kipimo cha uzima wa insuleshi): praimari kwa ethi, sekondari kwa ethi, praimari kwa sekondari. Kama insuleshi iko vizuri ndo unaanza kuwaza mkupuo wa kuwasha, yaani mkondo mkubwa wa muda mfupi transforma inapowashwa. Kurudisha breka mara kwa mara "tuone itashika" bila kupima ni hatari, kama kweli kuna shoti ya ndani kila ukirudisha unaongeza uharibifu.

Ila kwa maelezo yako, mara inatripu mara haitripu na mzigo haupo, hiyo inanuka mkupuo. Iko hivi. Chuma cha transforma kinapenda usumaku uwe unapanda na kushuka kwa mdundo wa volti. Ukiwasha volti ikiwa kileleni, usumaku unaanza mahali pake sahihi, hakuna shida. Ukiwasha volti ikiwa sifuri, usumaku unalazimika kupanda karibu mara mbili ya kilele chake cha kawaida, na kama chuma kilibaki na usumaku wa jana upande huohuo unajumlishwa juu yake. Chuma kinashiba. Chuma kikishashiba waindingi inabaki kama koili tupu hewani, hakuna cha kuzuia mkondo, unaruka mara 8 mpaka 12 ya mzigo kamili na kilele cha nusu mzunguko wa kwanza kinaweza kwenda juu zaidi ya hapo. Baadae unashuka wenyewe ndani ya mizunguko kadhaa. Ndo maana inakuwa bahati nasibu, inategemea kidole kimebonyeza sekunde ipi na mara ya mwisho ilizimwa chuma kikiwa na hali gani.

Kwa wabunifu kipimo kinachotumika sana ni mara 12 kwa sekunde 0.1 na mara 25 kwa sekunde 0.01, kifaa cha praimari kisikate ndani ya hapo. Mara 12 ya 83.7 ni 1,004. Sumaku ya breka ya 100 iko 1,000. Umeona kwa nini inacheza? Wako kwenye mstari wenyewe.

SotiMkuu
Kwa hiyo suluhisho ni kuongeza breka, sasa mbona mnamkatalia 160?

Mega_Ohm
Kuna kuongeza na kuongeza mkuu. Breka zenye setingi zina kidhibiti cha joto kinachozungushwa. Chukua ya 125, sehemu ya joto irudishe 0.8, unapata ampea 100. Sumaku inabaki 1,250 kwa nyingi za saizi hiyo. Hivyo overlodi inakatwa kwenye 100 na mkupuo wa kuwasha unapewa nafasi. Na zipo breka za kielektroniki ambazo unaweka sumaku peke yake na joto peke yake, hizo ni bora zaidi kama transforma yako ni ya aina yenye mkupuo mkali. Kwa transforma ndogo zinazotumia breka za reli, unaenda aina D inayokata kati ya mara 10 na 20, sio B ya mara 3 hadi 5 wala C ya 5 hadi 10. Kwa transforma kubwa kuna mbinu ya kupitisha umeme kwenye rezista kwa muda mfupi kwanza halafu kontakta inaifunga.

Ukiweka 160 umetatua usumbufu kwa kuondoa ulinzi. Kebo yake ya 25 mm² ni 127 × 0.91 × 0.82, ampea 95. Breka ya 160 kwenye waya wa 95, hiyo breka iko pale kama swichi tu.

Dada_Volti
Na tukumbushane, hata breka ya 100 iliyopo sasa ni kubwa kuliko waya wa 95. Kanuni ya IEC ni mzigo uwe chini ya breka na breka iwe chini ya uwezo wa waya. 83.7 iko chini ya 100 sawa, 100 haiko chini ya 95. Kwa hiyo kebo ya praimari inatakiwa ipande 35 mm², inabeba 118 kwa trei hiyohiyo. Na ile setingi ya 0.8 ifungwe kwa kizibo au sili, maana siku mtu akiizungusha hadi 125 hata 35 inakuwa imezidiwa.

Mshika_Tesita
Ngoja nijumlishe mnisahihishe. Praimari: breka ya 125 joto limewekwa 100, kebo 35 mm². Sekondari: breka ya ngapi? Nikiweka 160 kwenye transforma ya 144 si nimezidisha?

Koili_na_Chuma
Weka ya 160 yenye setingi, irudishe 0.9, inakuwa 144, umeipiga transforma yako kichwani kabisa. Sasa waya: mimi napenda waya uendane na saizi ya breka yenyewe, 160, sio setingi, kwa sababu hiyohiyo aliyosema Dada ya watu kuzungusha. 50 mm² inabaki 192 × 0.91 × 0.82 = 143. Imekosa kwa ampea moja hata kwa setingi ya 144, usibembeleze. 70 mm² inabaki 184. Hiyo ndo yako. Kebo ya 70 kwa shoti ya kA 3.6 inavumilia sekunde 7.7, na breka ya sekondari inaona kA 3.6 yote bila kugawiwa na mtu kwa hiyo inakata papo hapo. Hata shoti ya kA 3 mwisho wa mita 25 ni karibu mara 19 ya 160, inakatwa na sumaku bila mjadala.

Uwezo wa breka kukata shoti hapa sio tatizo, kA 3.6 ni ndogo, breka ya kA 10 inatosha. Hiyo usiikariri lakini, transforma ya kVA 1,000 yenye impidansi asilimia 5 inatoa karibu kA 29, hapo breka ya kA 10 inapasuka.

Volti kushuka kwenye mita 25 za 70 mm² ni kama volti 2 tu kati ya 400. Sio hoja.

Nyutro_Huru
Jamani mmeongea fezi tu, nyutro na ethi je? Naomba nidandie.

Delta upande wa praimari inamaanisha sekondari ni chanzo kipya cha umeme. Nyutro ya sekondari isipofungwa kwenye ethi pale transforma, fezi ikigusa ganda la chuma la mashine hakuna njia ya kurudi, breka zote mnazohesabu hazitripu na ganda linabaki na umeme. Nyutro inafungwa ethi sehemu moja, kwenye transforma au kwenye breka kuu ya kwanza ya sekondari, sio zote mbili, ukifunga mara mbili umeme wa nyutro unaanza kupita kwenye mabati na trei. Na waya wa ethi nao unahesabiwa kwa shoti kama fezi, sio "weka wowote wa kijani".

Kingine ambacho nakiona kinasahaulika kila siku: kifaa cha kukata umeme unaovuja kikiwa upande wa praimari hakioni uvujaji wa sekondari hata kidogo. Kwa kifaa kile, umeme ulioingia delta ndo umetoka delta, jumla ni sifuri. Mtu anajiona amelindwa kumbe mashine zote za sekondari ziko wazi. Kikae sekondari.

Nyutro yenyewe, kama bodi ina kompyuta, taa za LED na vifaa vya kubadili kasi ya mota vya fezi moja, hamoniki za tatu (mawimbi ya ziada yenye masafa mara tatu ya umeme wa kawaida) za fezi zote zinajumlishana kwenye nyutro badala ya kufutana. IEC inasema hamoniki ya tatu ikizidi asilimia 33 ya mkondo wa fezi, kebo inachaguliwa kwa mkondo wa nyutro. Kati ya 15 na 33 unazidisha uwezo wa kebo kwa 0.86. Ukichukua 184 × 0.86 unapata 158, hapo breka ya 160 imeshapita lakini setingi ya 144 bado inakaa. Mshika_Tesita mzigo wako ni wa aina gani?

Mshika_Tesita
Mota nyingi za fezi tatu, taa chache na soketi za 230. Vifaa vya kubadili kasi vipo lakini vya fezi tatu.

Nyutro_Huru
Basi hamoniki ya tatu sio kubwa, za fezi tatu zinaleta ya 5 na ya 7 zaidi na hizo hazirundikani kwenye nyutro. Ila zinapasha transforma joto. Kama transforma ina sensa za joto ndani ya waindingi ziunge kwenye breka, maana breka inapima ampea tu, haijui kwamba matundu ya hewa yamezibwa na vumbi.

Fyuzi_Kali
Samahani nje ya mada kidogo, na mimi nina ya kVA 315, 11 kV kwa 400 V. Fyuzi za upande wa juu nachaguaje? Nimepiga hesabu praimari ampea 16.5, naona fyuzi ya 20 inafaa.

Mega_Ohm
Ya 20 itakufa siku ya kwanza ya kuwasha, au mbaya zaidi itachoka bila kukatika halafu ikatike usiku wa manane bila sababu. Mara 12 ya 16.5 ni ampea 198 kwa sekunde 0.1, fyuzi lazima ipite hapo bila kuguswa. Fyuzi za volti za kati ni za shoti, sio za overlodi, overlodi iachie breka ya sekondari ya ampea 455. Tumia jedwali la mtengenezaji wa fyuzi linalotaja kVA na volti, usipige hesabu ya 1.25.

Na angalia lile tatizo la fezi moja linavyobana huku. Tukichukulia nayo ina impidansi asilimia 4, shoti ya vituoni sekondari ni 455 ÷ 0.04, kA 11.4. Fezi kwenda nyutro unagawa kwa 11,000 ÷ 230 ambayo ni 47.8, praimari inaona kama ampea 238. Mkupuo ni 198, shoti ni 238. Zimekaribiana kiasi hicho na fyuzi inatakiwa iache moja ikate nyingine. Ndo maana breka ya sekondari iwe karibu kabisa na transforma, kipande cha kati kinacholindwa na fyuzi peke yake kiwe kifupi uwezavyo.

Mshika_Tesita
Nimewapelekea hesabu ya 1,203 dhidi ya sekunde 1.9 ya kebo. Wamekubali breka ya sekondari kwenye boksi la transforma na kebo ya 70, wanauliza kama ile 35 iliyotolewa sekondari inaweza kutumika praimari badala ya kununua nyingine.

Dada_Volti
Inaweza, urefu ukitosha na ukiipima mega kwanza, insuleshi ikawa safi na volti iliyoandikwa kwenye kebo ikafaa kwa 690. Kebo ya 0.6/1 kV inafaa. Angalia tu isiwe ya 450/750, kwa mfumo wa 690 inabaki na nafasi ndogo mno na mimi singeikubali.

Bw_Ampea
Na trei je? Wakitoa kebo ikabaki mbili tu vipunguzi si vinabadilika?

Koili_na_Chuma
Vinabadilika, kebo mbili kwenye trei ya matundu ni 0.88 badala ya 0.82. Ila yeye kebo yake ya sekondari bado inapita pale na zile mbili nyingine, idadi haijashuka, asiguse 0.82. Na hata ingeshuka, trei ikiwa na nafasi leo kesho kuna mtu ataleta kebo yake ailaze palepale bila kuuliza.